Android au iPhone? Uliza kwanza umri wa mfumo

Ukipita kwenye maduka ya simu ya Mwanga, Kigoma mjini, utamsikia mteja akitaka "Android, siyo Tecno". Mwingine ana Samsung mkononi lakini anasema sasa anataka kuhamia kwenye Android. Yupo aliyeambiwa na shemeji yake kwamba iPhone haifanyi miamala ya simu, basi kaiogopa moja kwa moja. Na tangu WhatsApp ianze kuzikataa simu za zamani, wameongezeka wanaokwenda kwa fundi wakiamini simu imeharibika, kumbe simu ni nzima ila mfumo wake umepitwa na wakati.

Mkanganyiko wote huo unatokana na vitu vitatu ambavyo midomoni mwa watu vimegeuka kitu kimoja: kampuni iliyounda simu, mfumo endeshi unaoiendesha, na programu unazopakua mwenyewe.

Chukua boti la abiria linalotoka Kibirizi kwenda Kagunga. Bodi na injini ndiyo simu yenyewe, yaani kioo, betri, kamera na vyote vinavyoshikika. Abiria na mizigo yao ndizo programu: WhatsApp, Facebook, TikTok, ile ya benki. Mfumo endeshi ndiye nahodha. Yeye huamua nani apande na nani abaki ufukweni, nani akae wapi, injini ile mafuta kiasi gani, na nani asiguse usukani. Kamera haifunguki wala sauti haitoki mpaka nahodha aagize.

Manahodha wanaoshindania simu zetu ni wawili. Android ilianza mwaka 2003 katika kampuni ndogo ya Marekani, Google wakainunua mwaka 2005, na simu ya kwanza yenye mfumo huo, iliyoundwa na HTC, ikatoka mwaka 2008. Google hawauzi Android kama siri yao. Msingi wake uko wazi, kampuni yoyote inaweza kuuchukua na kuujenga juu yake. Ndiyo maana Samsung, Tecno, Infinix, itel, Redmi, Oppo na Vivo zote ni Android. Wa pili ni iOS, mfumo wa Apple, uliokuja na iPhone ya kwanza mwaka 2007 na kupewa jina hilo mwaka 2010. Apple hawamwazimi mtu mfumo wao. Kila iPhone inaendeshwa na iOS, na hutaikuta iOS kwenye simu ya kampuni nyingine yoyote.

Sasa mbona Tecno inaandika HiOS, Infinix inaandika XOS, Samsung inaandika One UI na Redmi inaandika HyperOS? Hayo ni mavazi. Nahodha ni Android yuleyule, kavalishwa fulana ya kampuni: rangi za alama, mpangilio wa menyu, namna ya kupiga picha ya kioo, na programu kadhaa ambazo hukuziomba. Tecno, Infinix na itel zote ni za kampuni moja ya China, Transsion ya Shenzhen, ndiyo sababu aliyetumia Infinix hapati shida akishika Tecno. Fulana hizi zina tofauti yake. Nyingine huja na matangazo na arifa za mara kwa mara zinazokula bando, na kazi ya kwanza kwenye simu mpya ya aina hiyo ni kuingia Mipangilio, sehemu ya arifa, na kuzizima za kila programu usiyoijua. Lakini ukisema "sitaki Tecno, nataka Android", muuzaji mjanja atakuuzia Infinix kwa bei ya juu kidogo na utaondoka umefurahi.

Umri wa mfumo

Mjadala wa vijiweni huanza na "ipi bora". Kwa maoni yangu hilo ni swali la pili. La kwanza ni hili: mfumo uliomo kwenye simu hii, hii iliyo mezani, utaendelea kusasishwa hadi lini?

Google na Apple hutoa toleo jipya la mfumo takriban kila mwaka, na katikati yake hutoa viraka vya usalama vya kuziba matundu yanayogunduliwa. Wanaotengeneza programu nao hawawezi kuhudumia matoleo yote tangu enzi, kwa hiyo kila baada ya muda hukata mkia. Oktoba 2023 WhatsApp iliacha simu zenye Android iliyo chini ya 5.0. Mei 2025 ikaacha iPhone zenye iOS iliyo chini ya 15.1, na hapo iPhone 5s, 6 na 6 Plus zikatoka mchezoni. Simu inapiga, inapokea, inapiga na picha nzuri tu. WhatsApp ndiyo haifunguki.

Hapa ndipo hela za watu zinapopotea. Mwenye iPhone 6 huambiwa "nikuflashie uwekewe iOS mpya". Haiwezekani. Apple waliifikisha simu hiyo kwenye iOS 12 wakaishia hapo, na simu haikubali toleo ambalo Apple hawajaliidhinisha kwa modeli hiyo. Kuflashi hurudisha mfumo uleule ukiwa msafi, basi. Kwenye Android wapo mafundi wanaoweza kuweka toleo lililotengenezwa na wajitolea, lakini inabidi kufungua kufuli la mfumo (siyo lile la kioo), data yote ifutike, na mara nyingi programu za benki zikatae kufanya kazi baadaye kwa sababu zinaona mfumo umechezewa.

Kwa upande wa iPhone hesabu ni rahisi, maana kampuni ni moja. iPhone 6s na 7 ziliishia iOS 15. Bado zimo ndani ya mstari wa WhatsApp niliotaja hapo juu, lakini kwa ncha ya kidole. iPhone 8 na X ziliishia iOS 16. XR na XS ziliishia iOS 18. Toleo lililofuata, la Septemba 2025, linaitwa iOS 26. Hakuna matoleo yaliyofichwa hapo katikati, Apple waliamua tu kuhesabu kwa mwaka. Toleo hilo linataka iPhone 11 au mpya zaidi. Kwa hiyo anayeuziwa iPhone 7 leo kwa sababu "iPhone ni iPhone" ananunua simu iliyobakiza muda mfupi, hata kama kava lake linang'aa.

Android haina hesabu moja, kwa sababu anayeamua muda wa masasisho ni kampuni iliyounda simu. Samsung waliahidi miaka 6 kwa Galaxy A16, iliyotoka mwaka 2024, na miaka 7 kwa Galaxy S24. Google nao waliahidi miaka 7 kuanzia Pixel 8. Simu nyingi za bei ya chini hupata toleo jipya mara moja au mbili, nyingine hazipati kabisa, zinaambulia viraka vya usalama kwa muda mfupi. Njia ya kujua ukiwa dukani haihitaji intaneti: fungua Mipangilio, shuka hadi Kuhusu simu, bonyeza Toleo la Android, soma tarehe ya sasisho la usalama. Simu iliyotumika ikionyesha tarehe ya miaka miwili nyuma, ujue kampuni imeshaitupa mkono, au mwenye nayo hakuwahi kuisasisha. Muulize ajaribu kusasisha mbele yako kwa hotspoti. Ikisema mfumo umeshafikia mwisho, umeshapata jibu.

Weka sasa iPhone XR iliyotumika na Galaxy A16 mpya juu ya kaunta moja. XR ni ya mwaka 2018, kamera yake bado nzuri, jina lake lina heshima harusini, na safari yake ya matoleo imeishia iOS 18. A16 haimshtui mtu akiiona, lakini ahadi yake inafika mwaka 2030. Kwa mfanyabiashara anayetegemea WhatsApp kupokea oda za mawese na dagaa, mimi ningechukua A16 bila kusitasita. Kwa mpiga picha wa harusi anayebadilisha simu kila mwaka, jibu linaweza kuwa tofauti kabisa.

GB nane ambazo siyo nane

Boksi la simu limeandikwa 8GB kwa herufi kubwa, na chini yake kwa herufi za kuhitaji miwani: 4+4. Nne za kwanza ndizo RAM halisi, sehemu ambayo mfumo unafanyia kazi za papo hapo. Nne za pili zimekopwa kutoka kwenye hifadhi, pale zinapokaa picha na video zako, na hifadhi ina kasi ndogo mno kuliko RAM. Mkopo huo husaidia kidogo kuzuia programu zisijifunge nyuma ya pazia, lakini simu ya 4+4 haiwi simu ya 8. Samsung huuita RAM Plus, na kampuni nyingine zina majina yao. Ukinunua, soma namba ya kwanza tu.

Kwa Android ya kawaida, chini ya GB 4 za RAM utachoka haraka. Zipo simu za GB 2 zenye Android Go, toleo jepesi ambalo Google walilitoa mwaka 2017 kwa ajili ya simu zenye RAM ndogo. Zinafaa kwa WhatsApp, simu na redio, mradi usifungue mambo matano kwa wakati mmoja. Kwa hifadhi, GB 32 leo ni kujitafutia ugomvi: mfumo na programu zilizokuja nao huchukua sehemu kubwa, na magrupu ya familia, kwaya na kikoba humaliza kilichobaki. Chukua 64 kama huna budi, 128 kama unaweza. Hifadhi ikijaa kabisa simu huanza kuganda, WhatsApp hukataa kupokea picha, na masasisho hayaingii kwa kukosa nafasi. Wengi huita hali hiyo virusi.

Namba hizi usizitumie kulinganisha Android na iPhone. iPhone 11 ina RAM ya GB 4 na inakwenda vizuri, kwa sababu kampuni iliyoandika mfumo ndiyo hiyohiyo iliyochagua kila kifaa kilichomo. Lakini iPhone haina na haijawahi kuwa na nafasi ya memori kadi. GB 64 ulizonunua ndizo utakazokufa nazo, isipokuwa ulipie hifadhi ya mtandaoni. Za bure ni GB 5 kwa iCloud na GB 15 kwa akaunti ya Google. Memori kadi ya Android nayo ina mipaka yake: inabeba picha, muziki na video, ila programu nyingi hazikubali kuhamia huko.

Laini, mpaka na ziwa

Watu wa Kigoma hawatembei na laini moja. Mtandao unaoshika mjini huenda usishike Kalya, na wa Uvinza usiwe ndio mzuri Kasulu. Kwa hiyo kabla ya kamera, hesabu matundu ya laini.

Simu nyingi za Android za bei ya kati na chini zina nafasi mbili za laini, baadhi zikiwa na nafasi ya tatu ya memori kadi, na nyingine zikikulazimisha uchague kati ya laini ya pili na kadi. Vuta trei uangalie. iPhone za kuanzia XR na XS huwa na nafasi moja ya laini ya kushika mkononi, na ya pili ni eSIM, yaani laini isiyo na kadi inayosajiliwa ndani ya simu. Zilizoundwa kwa soko la China ndizo huwa na nafasi mbili za kadi.

Mtego uko kwenye simu mpya zilizotumika nje. iPhone 14 na kuendelea zilizouzwa Marekani hazina kabisa tundu la laini, ni eSIM tupu. iPhone 17 zilizouzwa Marekani na nchi kadhaa za Ghuba, Falme za Kiarabu zikiwemo, ziko hivyohivyo, na tunajua simu ngapi hupitia Dubai kabla ya kufika Kariakoo na kupanda treni kuja huku. Fungua Settings, General, About, usome namba ya modeli. Ikiishia na LL/A, ilitengenezwa kwa soko la Marekani. Herufi ya kwanza nayo inasema jambo: M ni simu iliyouzwa ikiwa mpya, F ni iliyokarabatiwa na kuuzwa tena, N ni iliyotolewa kufidia iliyoharibika.

eSIM inafanya kazi Tanzania, ila pima usumbufu wake. Chaji ikikuishia njiani, laini ya kadi unaichomoa na kuiweka kwenye kitochi cha jirani. eSIM haichomoki. Simu ikifa kioo, hadi uifikie ofisi ya mtandao wako na kitambulisho chako cha NIDA, namba yako inayopokea hela haipo hewani.

Halafu kuna jambo ambalo wa Dodoma halimhusu. Ukiwa Kagunga, Manyovu au katikati ya ziwa, simu inaweza kudaka mnara wa Burundi au wa Kongo. Burundi na mashariki ya Kongo ziko saa moja nyuma yetu, kwa hiyo simu iliyowekwa kupanga muda yenyewe inaweza kurudisha saa nyuma na kengele yako ya alfajiri ikalia boti limeshaondoka. Mifumo yote miwili ina dawa. Zima upangaji wa saa za eneo wa kiotomatiki na uchague Dar es Salaam au Nairobi. Kisha ingia kwenye mipangilio ya laini, zima uchaguzi wa mtandao wa kiotomatiki na uchague wako kwa mkono, na uhakikishe data ya nje ya nchi imezimwa. Hatua hiyo ya mwisho ndiyo inayolinda salio.

Kuhusu miamala, shemeji alikosea. *150*00# ya M-Pesa, *150*60# ya Airtel Money, *150*01# ya Mixx by Yas na *150*88# ya HaloPesa huongea na mtandao wa simu moja kwa moja, hazijali kama unashika iPhone, Infinix au kitochi cha tochi. Mfumo endeshi unaingia pale tu unapotumia programu ya kampuni husika, na programu hizo zipo kwenye maduka yote mawili.

Simu ya mkononi mwa mtu

iPhone nyingi zinazouzwa huku zimeshatumika, kwa hiyo ubora wa iOS hautakufaa kitu kama umeuziwa tofali. Tangu mwaka 2013 iPhone ina kufuli la kuwashia linalofungwa kwenye akaunti ya mwenye simu. Ikiwa muuzaji hajatoa akaunti yake, siku ukiifuta simu itadai barua pepe na nywila ya mtu usiyemjua, na hakuna fundi wa kweli atakayekufungulia. Usikubali kuonyeshwa simu ikiwa imeshawashwa na inacheza muziki. Iombe ifutwe kabisa mbele yako, ianze upya kwa salamu za mwanzo, ifike hadi kwenye kioo kikuu bila kuomba akaunti ya mtu. Inahitaji intaneti, hotspoti inatosha.

Baada ya hapo, kwenye About tafuta mstari wa Carrier Lock. Ukisoma No SIM restrictions, inakubali mtandao wowote. Usiposoma hivyo, weka laini yako ujaribu kupiga kabla ya kutoa hela. Angalia afya ya betri: kwa iPhone 14 na za nyuma yake, Apple wenyewe wanasema betri imeundwa kubaki na asilimia 80 baada ya kuchajiwa mizunguko 500. Chini ya 80, weka bei ya betri kwenye hesabu zako. Kisha vuta menyu ya juu (kwa iPhone zenye kitufe chini ya kioo huvutwa kutoka chini), shikilia alama ya mwanga, uone kama True Tone ipo, yaani kipengele kinachobadili rangi za kioo kufuata mwanga wa mahali ulipo. Kuanzia iPhone 8 inapaswa kuwepo, ikikosekana kioo kina uwezekano mkubwa kimebadilishwa kwa kisicho cha Apple.

Kwa nini hilo lihusike na kuchagua mfumo? Kwa sababu iOS huchunguza vipuri. Fundi wa Ujiji anaweza kukuwekea kioo au betri kwa ustadi kabisa, na simu bado ikaandika kwamba kipuri hakitambuliki, asilimia ya afya ya betri isionekane, au rangi za kioo zikapoa. Android nyingi za bei ya kawaida hazina ugomvi huo, na vioo vyake vinapatikana hapahapa bila kusubiri mzigo wa Dar es Salaam. Hii ni sababu ya maana kuliko nusu ya zile zinazotajwa kijiweni.

Android nayo ina kufuli la akaunti ya Google lililoanza mwaka 2015, kwa hiyo kipimo cha kuifuta mbele yako kinahusu pande zote. Zaidi ya hapo kuna simu bandia, zinazojiita Samsung ya daraja la juu, zikionyesha toleo la Android ambalo limepakwa rangi tu. Bonyeza *#06# upate IMEI, yaani namba ya utambulisho wa simu, ilinganishe na ya boksi, kisha itume kwa ujumbe mfupi kwenda 15090, namba ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano Tanzania, ujibiwe ni simu ya aina gani. Jibu likitaja modeli tofauti na unayoshika, rudisha simu kwa adabu. TCRA walizima simu bandia Juni 2016, lakini wenye kuziunda hawakustaafu. Kipimo cha pili ni kwenye Play Store: bonyeza picha yako, ingia mipangilio, kisha sehemu ya kuhusu, utafute kama kifaa kimeidhinishwa.

Virusi, na ile hadithi ya kupunguziwa kasi

"iPhone haiingii virusi." Inaingia kwa shida zaidi, hilo ni kweli, kwa sababu kwa hapa kwetu programu zake hutoka kwenye duka la Apple pekee. Mwaka 2016 watafiti walifichua programu ya kijasusi iitwayo Pegasus ikiingia kwenye iPhone kupitia kiungo cha ujumbe, kwa hiyo kinga kamili haipo. Mlango mkubwa wa Android ni faili za APK, yaani programu zisizopitia dukani, tunazorushiana kwa Xender au kupakua kwenye kurasa za vichochoroni, hasa WhatsApp za kuchonga kama GB WhatsApp. Aliyeichonga anaweza kuona unachoandika, na WhatsApp wenyewe huzifungia namba zinazotumia programu hizo. Mtu akikupigia kujifanya wakala na kukuomba namba ya siri, hakuna mfumo utakaokuokoa. Hapo Android na iOS ni sawa.

Hadithi kwamba kampuni hupunguza kasi ya simu za zamani ina mzizi. Desemba 2017 Apple walikiri kwamba iOS ilikuwa inapunguza nguvu ya iPhone zenye betri zilizochoka, wakisema ni kuzuia simu isizime ghafla, na mwaka 2020 wakakubali kulipa hadi dola milioni 500 kumaliza kesi huko Marekani. Somo la vitendo lililomo humo ni dogo: iPhone ya zamani iliyokuwa nzito inaweza kuchangamka kwa kubadilishiwa betri tu.

Wale wengine

KaiOS ni mfumo wa vitochi vya vitufe vyenye intaneti, uliotokana na Firefox OS. Ulipendwa kwa chaji inayokaa siku nyingi na WhatsApp ndani yake. Juni 2024 WhatsApp iliondolewa kwenye duka la KaiOS, hivyo ukiuziwa kitochi cha aina hiyo leo kwa ahadi ya WhatsApp, ahadi hiyo ni hewa. Kwa kupiga, kupokea na kutuma hela bado ni kifaa kizuri.

Huawei zina historia yake. Mei 2019 Marekani iliiwekea kampuni hiyo vikwazo, na kuanzia Mate 30 simu zake mpya zikatoka bila Play Store wala huduma za Google. P30 na za kabla yake zinazo. Mfumo wake wa HarmonyOS ulitangazwa mwaka huohuo, na toleo la mwaka 2024 kwa soko la China halipokei programu za Android kabisa. Kamera zake zinavutia sana, lakini ukiikuta P40 kwa bei ya kushangaza, bei hiyo ina sababu.

Ukiamua kuhama

Kutoka Android moja kwenda nyingine ni kazi nyepesi. Kuvuka kutoka Android kwenda iPhone ndiko kunakoliza watu, kwa sababu nakala ya WhatsApp iliyohifadhiwa Google Drive haisomeki na iPhone, wala ya iCloud haisomeki na Android. Kuna njia rasmi, na inataka utaratibu. iPhone iwe mpya au imefutwa, haijaanzishwa bado, na iwe na iOS 15.5 au zaidi. Kwenye Android pakua programu ya Apple iitwayo Move to iOS. Chomeka simu zote mbili kwenye umeme, ziweke kwenye Wi-Fi moja au iunganishe Android na mtandao unaotolewa na iPhone. Fuata maelekezo, ingiza namba itakayotokea, na kwenye orodha ya vitu vya kuhamisha chagua WhatsApp. Ukimaliza, fungua WhatsApp kwenye iPhone kwa namba ileile ya simu. Ukitumia namba nyingine, mazungumzo hayatatokea.

Mambo mawili huharibu kazi hii. La kwanza ni kuanza kuitumia iPhone, kupiga picha na kuweka programu, ndipo ukumbuke mazungumzo. Itabidi uifute uanze upya. La pili ni kutoka kwenye ukurasa wa uhamisho ili kupokea simu, maana uhamisho hukatika. Toa laini au weka hali ya ndege kisha washa Wi-Fi peke yake. Na ile Android ya zamani usimuuzie mtu jioni hiyohiyo. Kaa nayo hadi umefungua magrupu yote, umeona picha za miaka ya nyuma zinafunguka, na umeingia kwenye programu ya benki upande wa pili. Baada ya hapo toa akaunti yako ya Google kwenye Mipangilio, ifute simu, uikabidhi.